Funza, dagaa, mchwa au azolla: protini ipi iwafae kuku wako wa uani?

Ukitaka kujua kama kufuga funza wa nzi askari kwa ajili ya kuku wako kutakufaa, usianze na funza. Anza na ndoo ya taka ya jikoni kwako. Ipime kwa mizani kila jioni kwa wiki moja: maganda ya ndizi na muhogo, ukoko wa ugali, mboga zilizonyauka, maembe yaliyooza, machicha ya nazi. Nyumba ya watu watano au sita mara nyingi haifikishi kilo mbili kwa siku. Sasa shika kipimo hiki kimoja: kilo tano za mabaki ya namna hiyo, funza wakihudumiwa vizuri, hutoa kilo moja hivi ya funza hai. Wakihudumiwa ovyo hutoa nusu yake. Mengine yote katika ulinganisho huu yanaegemea hapo.

Nitatumia mfano mmoja: kuku 30 wakubwa, wa kienyeji au chotara kama Kuroiler na Sasso, wanaofugwa uani, tuseme Chanika, Kibaha au Mbagala. Mchana wanatoka kujitafutia, jioni wanarudi bandani na kupewa pumba. Ukiwa na kuku kumi, gawanya kwa tatu. Ukiwa na 300, zidisha kwa kumi, lakini hapo tayari wewe si mfugaji wa uani tena na hesabu zako ni za biashara.

Mizani kwanza

Kuku anayetaga anakula gramu 110 hadi 120 za chakula kwa siku, na chakula hicho kinatakiwa kiwe na protini asilimia 16 hivi. Kuku 30 basi wanahitaji karibu gramu 550 za protini kila siku. Wanaotembea huokota sehemu yake wenyewe: wadudu, majani, mbegu. Kiangazi kikikaza, wanachookota kinapungua, na ndipo mayai yanapokatika.

Funza wa nzi askari mweusi, ambao wafugaji wengi wanawafahamu kwa jina la BSF, ni maji kwa theluthi mbili wakiwa hai. Katika theluthi inayobaki, protini ni asilimia 40 hadi 45, na mafuta yanafika asilimia 30 au kuzidi. Kwa hiyo nusu kilo ya funza hai ina protini gramu 67 hadi 75 tu, yaani karibu sehemu moja ya nane ya mahitaji ya siku ya kuku wetu 30. Dagaa wakavu wasio na mchanga wana protini asilimia 50 hadi 60, na gramu 120 zao zinafanya kazi ileile. Wanaotangaza kwamba ndoo moja ya funza itakufanya usahau duka la vyakula vya mifugo nadhani hawajawahi kuiweka ndoo hiyo kwenye mizani.

Twende mbali kidogo. Tuseme unataka kuacha dagaa kabisa, uchanganye pumba ya mahindi yenye protini asilimia 10 na funza waliokaushwa hadi ufikie asilimia 16. Katika kila kilo 10 za mchanganyiko utahitaji kilo 1.9 za funza wakavu, wakati dagaa safi ingetosha kilo 1.3. Kilo 10 hizo ni chakula cha siku tatu kasoro kwa kuku 30. Ukirudisha funza wakavu kwenye uzito wa funza hai, unazungumzia kilo mbili kila siku, na ili kupata kilo mbili kila siku unahitaji kilo 10 au zaidi za taka kila siku, karibu ndoo ya lita 20 iliyojaa. Jikoni kwako haitoki ndoo hiyo. Itatoka sokoni, kwa mama lishe, kwa muuza juisi, au haitatoka kabisa.

Ukitaka funza wawe nyongeza tu, mambo ni mepesi. Nusu kilo ya funza kwa siku inataka kilo mbili na nusu hadi tatu za taka: jikoni kwako pamoja na mama lishe mmoja anayekuwekea maganda kwenye kiroba. Ndiyo maana nasema mfugaji wa uani achukue funza kama kitoweo cha kuku wake. Mlo wenyewe utoke kwingine.

| Chakula | Protini kikiwa kikavu | Kinachokwamisha |
|---|---|---|
| Dagaa wasio na mchanga | 50–60% | bei, mchanga, chumvi |
| Mashudu ya soya | karibu 44% | bei, na lazima yawe yamepitia joto |
| Funza wa nzi askari | 40–45% | taka za kutosha kila siku |
| Mashudu ya alizeti | 25–35% | nyuzinyuzi nyingi |
| Azolla (jani linaloelea majini) | 20–25% | maji, na ni maji matupu ikiwa mbichi |
| Mchwa | hubadilika | msimu, na kichuguu kiwe karibu |

Dagaa na funza, ana kwa ana

Dagaa wengi wanaoishia kwenye chakula cha kuku wanatoka Ziwa Victoria, Mwanza, Musoma na Bukoba. Ng'ambo ya Kenya ni walewale omena. Wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, hivyo mbalamwezi ikikolea mzigo unapungua. Kenya hufunga uvuvi wa omena kuanzia Aprili hadi Julai. Masika nayo yanaharibu ukaushaji, na dagaa walionyeshewa wakaanza kuoza ndio wanaosukumwa kwa wafugaji kwa kuwa mlaji wa mezani amewakataa. Bei ya dagaa wa mifugo inapanda na kushuka kwa sababu ambazo hazihusiani kabisa na kuku wako.

Kisha kuna mchanga. Dagaa wanaoanikwa chini huja na mchanga, na waliosagwa ndio wabaya zaidi kwa sababu jicho haliwezi kuuona. Chukua kikombe cha dagaa wa unga, mimina kwenye beseni la maji, koroga, subiri kidogo, kisha mwaga taratibu. Kinachobaki chini kikikwaruza vidoleni ndicho ulichonunua kwa bei ya protini. Walioko pwani na Visiwani waangalie pia chumvi: dagaa wa baharini mara nyingi huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, na vifaranga hawavumilii chumvi nyingi. Wanakunywa maji kupita kiasi, wanaharisha, wanakufa.

Hata hivyo dagaa safi ana jambo ambalo funza hana. Protini yake ina methionini na lisini, vijenzi viwili vya protini, kwa wingi, na methionini ndiyo inayopungua kwanza katika chakula kinachotegemea pumba. Funza wa nzi askari wako nyuma kidogo hapo. Kwa kuku wa kienyeji wanaotaga mayai machache na kujitafutia mchana, tofauti hiyo haisumbui. Kwa kuku wa mayai wa kisasa anayetaga karibu kila siku, inasumbua, na mwenye kuku hao asifute dagaa au soya kwenye fomula yake kwa sababu amepata funza.

Funza ana yake pia. Hagombaniwi na binadamu, na hilo si jambo dogo wakati mtoto wa jirani yako anahitaji dagaa hao kuliko jogoo wako. Anakula kitu ambacho ungekilipia kizolewe. Na akiwa hai, kuku wanamkimbilia, wanaparua, wanashughulika. Majaribio yaliyofanywa Ulaya kwa batamzinga na kuku wa mayai yameonyesha kwamba ndege wanaopewa funza hai hupunguza kudonoana au hubaki na manyoya mazuri zaidi. Mwenye banda dogo lenye kuku waliobanana anajua thamani ya hilo. Ukizidisha dagaa, mayai na nyama huanza kunuka shombo. Funza walioshiba maganda hawana tatizo hilo.

Ukitaka kulinganisha bei, tumia kanuni ya haraka. Kilo moja ya dagaa safi ni sawa na kilo nne za funza hai, au kilo moja na robo ya funza wakavu hivi. Mtu akikuuzia funza hai kwa bei inayozidi robo ya bei ya dagaa safi sokoni kwako, dagaa bado ni nafuu. Funza wakavu wasizidi robo tatu. Kwa funza unaozalisha mwenyewe, weka bei ya nauli ya kukusanya taka na ya saa zako. Wengi wanaacha saa zao nje ya hesabu, halafu wanashangaa kwa nini wamechoka.

Mchwa, azolla, na wale nzi wengine

Mchwa ni njia ya zamani na bado ni nzuri kwa vifaranga. Chungu kikuukuu au kibuyu kinajazwa nyasi kavu, mabua na samadi ya ng'ombe iliyoloweshwa, kinafudikizwa jioni juu ya mdomo wa kichuguu au njia ya mchwa, na asubuhi kinafunuliwa kabla jua halijakolea. Gharama haipo. Kiasi unachopata hakitabiriki, na mjini huna kichuguu. Aliye kijijini mwenye vifaranga 20 asihangaike na nzi kabla hajajaribu chungu.

Azolla inasifiwa kuliko inavyostahili. Ni jani linaloelea, zaidi ya asilimia 90 ni maji, na kuku hapati protini ya maana mpaka ale rundo. Ukiwa na bwawa la samaki tayari, vizuri, wape kama mboga. Kuchimba bwawa na kununua maji ya bomba au ya boza ili uzalishe azolla, hapana.

Kuna wafugaji wanaoacha mavi ya kuku na utumbo wa samaki juani, funza wa nzi wa kawaida wakijitokeza wanawapa kuku. Protini ipo, na wanakua kwa siku nne au tano tu. Sikushauri. Nzi wa nyumbani anatua chooni kisha mezani, na pia anabeba aina mojawapo ya tegu wa kuku. Ukiwazalisha, umezalisha tatizo la mtaa mzima. Mzoga ni hatari zaidi: bakteria wa mizoga hutengeneza sumu inayojikusanya kwa funza, kuku wakila wanalegea shingo, miguu na mabawa, na wengi hawaamki. Nyungunyungu nao, ambao baadhi wanawapenda kwa sababu ya mbolea, hukua polepole na wanaweza kuwahifadhia kuku minyoo. Waache bustanini.

Njia tatu za kupata funza wa nzi askari

Hapa ndipo watu wanapotezana, kwa sababu "kufuga BSF" ni mambo matatu tofauti yenye kazi tofauti.

Ya kwanza ni kuwanasa wa porini. Nzi askari asili yake ni Amerika, lakini siku hizi yuko karibu kila mahali penye joto, na kwetu utamkuta kwenye choo cha shimo, jaa la mboji na zizi la nguruwe. Ni mweusi, mrefu wa sentimita moja na nusu hadi mbili, watu humdhani nyigu. Mtazame vizuri: ana mabawa mawili tu, ncha za miguu ni nyeupe, na kiunoni ana sehemu mbili zinazopitisha mwanga. Hachomi. Akishakuwa nzi hahitaji tena chakula, anaishi kwa mafuta aliyoyaweka alipokuwa funza, hivyo hana haja ya kuja kutua kwenye wali wako.

Chukua ndoo yenye mfuniko, toboa matundu madogo chini maji yatoke, weka pumba iliyolowa ikachacha pamoja na maganda ya matunda, kisha bandika vipande vya boksi la karatasi lenye mikunjo ukingoni juu, mbali na uchafu wenyewe. Nzi jike hatagi kwenye taka. Anatafuta ufa mkavu ulio juu ya harufu, na mikunjo ya boksi ni nyufa. Iweke kivulini penye mwanga, acha mfuniko wazi kidogo. Wiki ya kwanza watakuja nzi wa nyumbani, usikate tamaa, wala usiwape kuku funza wao. Funza wao ni weupe, laini, wamechongoka upande mmoja. Wa nzi askari ni bapa, wana pingili na ngozi ngumu, rangi ya maziwa yaliyochacha inayoelekea kahawia, na hufika sentimita mbili. Wakishakuwa wengi ndani ya ndoo, nzi wa nyumbani hupunguza kutaga humo wenyewe.

Gharama ya njia hii ni ndoo. Ubaya wake ni kwamba hujui leo utapata gramu 50 au 400, na miezi ya baridi unaweza usipate kitu. Kwa kuku wasiozidi kumi na tano naiona inatosha kabisa.

Ya pili ni kununua watoto wa funza wa siku tano kutoka kwa anayezalisha, wewe ukabaki na kazi ya kuwalisha tu. Wataalamu wa Eawag, taasisi ya utafiti wa maji ya Uswisi, wameiweka kwenye vipimo ambavyo wengi wanavitumia: kreti ya sentimita 60 kwa 40, watoto 10,000, na kilo 15 za taka zilizolowa zinazogawanywa mara tatu, siku ya kwanza, ya tano na ya nane. Siku ya kumi na mbili unachekecha. Kreti moja inakupa kilo mbili hadi tatu za funza. Ukirudi kwa kuku wetu 30 wanaopewa nusu kilo kwa siku, kreti tatu zinazopishana zinatosha, na zote zinakaa kwenye nafasi ya kitanda kimoja. Anayetaka kuacha dagaa kabisa atahitaji kreti tisa au kumi na ile ndoo ya lita 20 kila siku.

Hii ndiyo njia ambayo ningemshauri mtu, ingawa wengi hawaishauri. Inakutenga na kazi ngumu ya kuzalisha nzi. Kikwazo ni kumpata muuzaji aliye karibu, maana watoto hawa hawapendi safari ndefu ya basi juani. Kenya ni rahisi kidogo kwa sababu kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe kilichoko Kasarani, Nairobi, kimekuwa kikifundisha wafugaji kwa miaka mingi na wazalishaji wadogo wametawanyika. Tanzania ulizia kwanza kwenye vikundi vya wafugaji vya mkoani kwako kabla ya kununua kreti. Ulizia pia uzito, si "kikopo". Gramu moja ya mayai ina mayai yapatayo 35,000, kwa hiyo hata nusu gramu iliyoanguliwa vizuri inajaza kreti moja na ziada.

Ya tatu ni mzunguko mzima. Unaacha sehemu ya funza wakomae wawe weusi, unawaweka mahali pa giza kwenye vumbi la mbao wawe pupa, baada ya wiki mbili hivi wanatoka nzi. Unawafungia kwenye kibanda cha chandarua mahali penye jua la asubuhi, unawanyunyizia maji, unawawekea kopo lenye harufu ya uchachu lililofunikwa wavu, na juu yake vibao vilivyofungwa pamoja vikiachana milimita moja au mbili. Wanataga kwenye nyufa hizo. Jike mmoja kwa kawaida hutaga mayai mia kadhaa mara moja katika maisha yake, kisha anakufa. Mayai unayakwangua, unayaweka juu ya pumba iliyoloweshwa, yanaanguliwa siku ya nne, na mzunguko unaanza upya. Kutoka yai hadi yai ni siku 40 hadi 45 hivi kwenye joto zuri.

Inasikika rahisi. Kinachoangusha watu ni chandarua. Nzi hawa hupandana kwenye mwanga mkali na joto linalozidi nyuzi 25 hivi. Banda lililofunikwa bati na maturubai litajaa nzi walio hai ambao hawatagi. Dar es Salaam, Tanga, Mombasa, Morogoro, Kisumu, hali ya hewa inakusaidia. Njombe, Lushoto, Limuru, kuanzia Juni hadi Agosti utaangalia vibao vitupu. Funza wenyewe hawana shida kubwa na baridi, kwa sababu wakiwa wengi kwenye kreti wanapashana joto. Nzi ndio wanaogoma. Kwa hiyo mtu wa nyanda za juu anayetaka kuanza anunue watoto, asijenge kibanda.

Na sisimizi. Sijui mfugaji ambaye hajapambana nao. Miguu ya meza ya kreti isimame kwenye makopo yenye mafuta machafu au maji ya sabuni, na kibanda cha nzi vilevile. Mijusi na panya wanafuata.

Wanakula nini, na nini marufuku

Maganda ya ndizi, embe, papai, nanasi, tikiti, mabaki ya ugali na wali, machicha ya pombe, pumba iliyoharibika, vyote vinafaa. Maganda ya machungwa na ndimu wanayala kwa kusuasua. Katakata vipande vidogo. Funza hana meno ya kutafuna ganda zima la tikiti. Kwa unyevu, kamata konzi na uiminye: matone yakitoka katikati ya vidole, sawa. Maji yakichuruzika, ongeza maranda au pumba. Lundo lisizidi sentimita saba au nane, vinginevyo linachemka na funza wote wanapanda ukutani usiku wakimkimbia moto wao wenyewe.

Harufu kali ni dalili kwamba umewapa kuliko wanavyomaliza. Funza wenye njaa kidogo hawanuki, na majirani hawalalamiki.

Kuku aliyekufa, utumbo wa kuku, au mabaki ya banda la mtu mwingine usiweke kamwe, kwa sababu ya ile sumu ya mizoga na kwa sababu ya ugonjwa wa mdondo, ambao kinga yake ni chanjo. Usichukue taka zinazotoka gereji, dampo la kiwanda au kando ya barabara kuu: funza wa nzi askari hujilimbikizia metali zenye sumu kama kadmiamu na risasi, na kuku wako watazipokea. Mboga zilizopuliziwa dawa ya wadudu juzi zitaua kreti nzima. Kinyesi cha binadamu kimetumika kibiashara Nairobi, na kampuni ya Sanergy, lakini kwa mitambo na joto la kuua vimelea. Uani kwako usithubutu. Hata Ulaya, ambako tangu 2021 protini ya wadudu imeruhusiwa kwenye chakula cha kuku na nguruwe, wadudu hao hawaruhusiwi kulishwa mabaki ya mezani wala samadi.

Hai au waliokaushwa

Hai, kama ni kwa kuku wako mwenyewe. Waoshe, wape, imekwisha. Gramu 15 hadi 20 kwa kuku mmoja kwa siku ni kiasi kizuri cha kuanzia. Wakizoea unaweza kuongeza kidogo, ila mafuta ni mengi na kuku aliyenenepa hutaga vibaya. Vifaranga wapewe wadogo wadogo, tena baada ya wiki ya kwanza. Funza wana kalsiamu nyingi kuliko wadudu wengi, lakini usiondoe chokaa au magamba ya konokono kwa wanaotaga, haitoshi kwa ganda la yai.

Kukausha kuna maana ukiwa na ziada au unauza. Wachemshe dakika chache kwanza wafe haraka, kisha juani juu ya chekecheke. Wasage na kuwatumia mapema, kwa sababu mafuta yao yakikaa yanachacha na kuku wanaikataa pumba nzima.

Kwa hiyo uchague lipi

Kuku chini ya 15, taka ni za jikoni tu: ndoo ya kunasa, na dagaa kidogo au mashudu ya alizeti kwa siku ambazo ndoo haina kitu. Usinunue chochote kingine.

Kuku 20 hadi 100, uko eneo la joto, na unaweza kupata kilo tatu hadi kumi za taka kwa siku bila kukodi bodaboda: kreti na watoto wa kununua. Endelea na dagaa au soya, lakini punguza. Ukiona kuku wanataga kama kawaida baada ya mwezi, punguza tena.

Kijijini, vifaranga wachache, vichuguu vipo: chungu cha mchwa.

Nyanda za baridi bila muuzaji wa watoto karibu: mashudu ya alizeti na dagaa, basi. Kama una soya shambani, ikaange kabla ya kusaga. Mbichi inazuia mwili wa kuku kuitumia protini.

Kuku wa mayai wa kisasa 200 na kuendelea: nunua chakula kilichopangwa kwa fomula, funza wawe nyongeza tu, au uwe mzalishaji wa kweli mwenye kibanda cha nzi na mkataba na soko. Mkataba huo uwe wa maandishi, hata kama ni karatasi moja na wenye vizimba watatu wa matunda soko la Mabibo, Dar es Salaam, na wewe ndiye upeleke ndoo zenye mifuniko na kuzichukua kila siku kabla ya saa tano. Siku mbili usipoonekana, maganda yataenda kwa mwenye nguruwe.